Aulizaye Saa ya Kufika

Miongoni mwa maneno ya awali ambayo mgeni hufundishwa anapoanza kusoma Kitaliani ni swali la saa ya kufika. Hufundishwa baada ya salamu na kabla ya bei ya mkate, na mwanafunzi hulikariri kama kasuku: A che ora arriva il treno? Maana yake ni, gari la moshi lafika saa ngapi? (Jina la gari la moshi limedumu katika Kiswahili, ijapokuwa magari mengi ya Italia leo huendeshwa kwa umeme na moshi wake umekwisha sahauliwa.) Kwa kuwa swali ni jepesi kutamka, aghalabu hudhaniwa kuwa ni jepesi kwa maana pia, na huchukuliwa kuwa ni swali juu ya chombo na wakati. Lakini mtu haulizi saa ya kufika kwa kupenda hesabu. Huuliza kwa sababu yuko mpenzi wake aliye njiani, au yuko mtu amngojaye mahali pengine, au ana jambo litakaloharibika akichelewa. Yule ajibuye, awe karani wa stesheni au mpita njia, hukabidhiwa kwa mara moja saa inayotafutwa na moyo wa mtu ulioning'inia juu ya saa ile. Naye kwa kawaida huwa na habari ya saa tu. Je, anadaiwa nini mtu wa namna hiyo? Anadaiwa ukweli wa ratiba, au ukweli wa mambo yalivyo, au faraja ya aulizaye?

Lugha yenyewe imeligusa jambo hili, pengine pasipo kukusudia. Swali la Kitaliani hutumia wakati uliopo: lafika, si litafika. Jibu nalo ni vivyo hivyo: arriva alle tre, lafika saa tisa. Gari lingali mbali, labda limo katika shimo la mlima, labda halijaondoka litokako. Lakini katika kinywa cha karani limekwisha kuwapo. Usemi huu ni wa ratiba. Ratiba haitabiri, hutangaza mambo kana kwamba yalitendeka jana na yatatendeka kesho bila kubadilika. Lakini Wataliani wanao usemi mwingine, ambao karani mwenye busara huutumia anapoona mashaka: dovrebbe arrivare alle tre, yaani, lingepaswa kufika saa tisa. Neno hili latoka katika dovere, na dovere ina maana mbili ambazo Mswahili angezitenga: kuwajibika na kudaiwa. Mteja mwenye duka huulizwa kwa neno hilo hilo anadaiwa kiasi gani. Basi gari "lingepaswa" kufika ni gari lenye deni kwa waningojeao. Sheria za Ulaya zimeligeuza deni hilo kuwa fedha: gari likichelewa saa moja, abiria aweza kudai robo ya nauli yake, na likichelewa saa mbili, nusu. Hapana shaka ni sheria nzuri, lakini hulipa tikiti tu. Mtu aliyefika baada ya maiti kuzikwa hatauliza robo ya nauli.

Neno lenyewe la kufika, arrivare, linastahili kutazamwa na watu wa pwani. Lilizaliwa katika Kilatini cha watu wa kawaida kutokana na ripa, yaani ukingo wa maji, na kufika kwa asili yake kulikuwa kugusa ukingo, kama chombo kinavyofanya mwisho wa safari. Baharini hapana aliyeweza kuahidi dakika. Nahodha aliweza kuahidi msimu, na alipofika ndipo saa ya kufika kwake ilipojulikana. Huenda neno hili lingali na kumbukumbu ya enzi hiyo, kwa maana Mtaliani akiitwa naye hajainuka kitini, hujibu Arrivo! Nafika! Mswahili hana haki ya kumcheka, kwa kuwa yeye naye husema "nakuja" huku anatoka mlangoni kwenda zake. Wote wawili hawakusudii kudanganya. Humpa aitaye neno la kushika mkononi, na pande zote hufahamu kwamba neno lile ni la adabu, halina saa ndani yake. Taabu huanza pale mmoja anapolichukua kuwa la adabu na mwenziwe akalichukua kuwa la saa.

Wazee wa Italia walikuwa na njia ya kuhesabu saa ambayo ingemfurahisha Mswahili. Kwa karne nyingi, tangu saa za minara zilipoanza kuenea, siku yao haikuanza usiku wa manane, bali jua lilipokuchwa, au muda mfupi baadaye kengele ya sala ya jioni ilipolia. Kutoka hapo zilihesabiwa saa 24 mpaka machweo mengine. Katika kanisa kuu la Firenze, juu ya mlango mkubwa kwa ndani, iko saa iliyochorwa uso wake na Paolo Uccello mwaka 1443, yenye mkono mmoja na tarakimu 24, na mkono huo huzunguka kinyume cha saa za kawaida. Saa ya 24 huisha jua likizama. Ingali ikienda mpaka leo. Mshairi wa Kijerumani, Goethe, alipopita Verona mwezi wa Septemba 1786, alisumbuliwa na hesabu hiyo hata akachora duara la kulinganisha saa za kwao na za wenyeji. Hata hivyo hakuidharau. Aliona kwamba inawafaa watu waishio nje ya nyumba, ambao kwao kuingia kwa usiku ni tukio kubwa la kila siku.

Faida yake kwa msafiri ilikuwa kubwa kuliko inavyoonekana. Miji ilikuwa na kuta, na malango ya kuta yalifungwa usiku. Msafiri aliyeambiwa kwamba ni saa ya 22 hakuhitaji kujua ni mwezi gani wa mwaka. Alijua kwamba zimebaki saa mbili za mwanga, na kwamba akikawia njiani atalala nje pamoja na mbwa na wezi. Saa ile ilijibu swali alilokuwa nalo moyoni. Saa ya leo, pamoja na usahihi wake wote, humwambia ni saa ngapi kisha humwacha afanye hesabu ya jua peke yake. Mswahili aisemapo saa moja ya usiku, akaanza kuhesabu giza tangu jua lilipozama, yu jirani wa mtu wa Verona wa zamani zile kuliko alivyo jirani wa Mtaliani wa sasa. Tofauti yao ni kwamba Mtaliani alihesabu mfululizo hata 24, na Mswahili hugawa usiku na mchana kila mmoja kwa 12.

Saa hizo za machweo ziliondoka kidogo kidogo katika karne ya 18 na mwanzo wa ile ya 19, hasa baada ya majeshi ya Wafaransa kuingia. Kisha ikaja reli. Njia ya kwanza ya Italia, kutoka Napoli mpaka Portici, ilifunguliwa Oktoba 1839, ikiwa fupi kiasi cha mtu kuimaliza kwa miguu katika asubuhi moja. Njia zilipoungana, ilionekana kwamba kila mji una adhuhuri yake: adhuhuri ya Torino huja kiasi cha dakika 19 baada ya ile ya Roma, kwa kuwa jua huchelewa kufika magharibi. Dakika hizo hazikumdhuru mkulima hata mmoja katika miaka elfu mbili, lakini magari mawili katika njia moja yaweza kuuana kwa dakika tano. Kwa hiyo mwaka 1866 ufalme mpya uliamuru reli za bara zifuate saa ya Roma. Na ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba ulitwaa saa ya Roma miaka minne kabla ya kuutwaa mji wa Roma wenyewe, uliokuwa bado mikononi mwa Papa. Mwaka 1893 nchi yote iliingia katika saa ya Ulaya ya kati, na ratiba zikaanza kuandika saa 24 kutoka usiku wa manane. Watu lakini hawakuacha vinywa vyao. Hata leo ubao wa stesheni huandika 20.40, na mzee aliyeketi chini ya ubao huo huambiana na mwenziwe kwamba gari lafika saa tisa kasoro dakika 20, kwa hesabu yao ya kuanzia usiku wa manane na adhuhuri.

Neno moja, basi, laweza kubeba saa mbili tofauti, na mfano wake hauko Italia peke yake. Tangu miaka ya 1960, Wataliani walipojenga kituo cha kurushia roketi baharini karibu na Malindi, na zaidi watalii na walowezi wao walipofuata, mji huo wa pwani ya Kenya umekuwa na vijana wengi wasemao Kitaliani pasipo kupita darasani. Wamekiokota ufukweni kama wavuvi wanavyookota habari za upepo. Na achukuliwe mwenye mashua miongoni mwao, ambaye ameulizwa na mgeni mashua yake yafika saa ngapi kesho. Moyoni ana saa mbili ya asubuhi. Namba mbili kwa Kitaliani ni due, naye anajibu alle due. Mgeni anashukuru, analala mpaka jua limepanda, na anashuka ufukweni saa nane ya mchana. Mwenye mashua amekwisha kungoja saa sita, maji yamekupwa, na wateja wengine amewakataa kwa kutimiza ahadi yake. Kila mmoja anamwona mwenziwe kuwa mtu asiyejua thamani ya neno.

Augustino, aliyebatizwa Milano mwaka 387 na ambaye baadaye aliandika kitabu kizima juu ya uongo, alishikilia kwamba uongo umo katika nia ya asemaye, na kwamba mtu aweza kusema lisilo kweli pasipo kuwa mwongo. Kwa mizani hiyo mwenye mashua hana hatia, na hapana mwadilifu atakayemhukumu. Lakini mizani hiyo haitoshi kwa swali hili. Saa iliyotolewa kwa aulizaye ni amana, na amana haikamiliki kwa kutoka tu katika mkono wa mtoaji. Hukamilika ikifika kwa mpokeaji ikiwa kamili. Neno moja zaidi, asubuhi au mchana, lingeiokoa siku yao. Mtu mwenye kujali hulisema neno hilo la ziada hata pale ambapo sarufi haimdai, kwa sababu anautazama uso wa aliye mbele yake kuona kama amefahamu.

Mizani ile ile huelemewa zaidi kwa karani wa stesheni. Ratiba iliyobandikwa ukutani, ya karatasi nyeupe kwa magari yafikayo na ya manjano kwa yaondokayo, yasema gari lafika saa 20.40. Karani amekwisha kupata habari kwamba gari limesimama mbali huko nyuma na haijulikani litaondoka lini. Anakuja mama amngojaye mwanawe, anaanza kwa scusi, kama Mswahili mwenye adabu aombavyo radhi kabla ya kuuliza, kisha anauliza saa ya kufika. Karani anajibu: lafika saa 20.40. Kila neno la jibu lake limeandikwa ukutani, na mkubwa wake hawezi kumshitaki. Hata hivyo amesema uongo, na uongo wake ni mbaya kwa kuwa umevaa nguo za serikali. Karani mwingine, mpole zaidi, atasema tra poco, baada ya kitambo kidogo, neno ambalo ni ndugu wa "sasa hivi" ya Waswahili. Huyu husifiwa kwa upole, lakini upole wake wafaa kuchunguzwa. Neno tamu la namna hiyo, mara nyingi, humpumzisha ajibuye kuliko aulizaye: mama huondoka dirishani, foleni husogea, na uzito wa kungoja hubaki mabegani mwake yeye peke yake, naye sasa hathubutu kwenda kununua maji wala kupiga simu, kwa kuwa gari li karibu. Jibu lenye manufaa kwake ni lile zito: gari limesimama, haijulikani litafika lini, habari ikija utaitwa. Mama atahuzunika, lakini atakuwa amerudishiwa wakati wake autumie apendavyo. Kungoja mtu akijua kwamba hajui ni kazi ngumu. Lakini ni kazi ya mtu huru.

Wako watakaosema kwamba maneno yote haya yangekwisha kama magari yangefika kwa saa yake, na kwamba dawa ni ukali, wala si adabu ya makarani. Hoja hiyo ina historia katika Italia. Hata leo husikika, kwa mzaha au kwa kweli, kwamba zamani za Mussolini magari yalifika kwa saa. Yeye mwenyewe aliingia Roma kuchukua madaraka asubuhi ya tarehe 30 Oktoba 1922 kwa gari la usiku kutoka Milano. Ukweli wa msemo huo ni mdogo: kutengenezwa kwa reli zilizochakazwa na vita kulianza kabla yake, wafanya kazi wa reli walifukuzwa kwa maelfu, na magazeti yaliyofungwa midomo hayakuwa tayari kuandika habari za ucheleweshaji. Lakini hata kama kila gari lingefika kwa dakika yake, ni nini kingethibitika? Tarehe 10 Juni 1924 mbunge Giacomo Matteotti, aliyekuwa ameushitaki utawala huo hadharani kwa wizi wa kura, alitoka nyumbani kwake mjini Roma kwa miguu kwenda bungeni. Alitekwa kando ya mto Tevere, akauawa, na maiti yake haikuonekana mpaka mwezi wa Agosti. Nchi nzima iliuliza yuko wapi, na wenye kujua walinyamaza. Dola ijisifuyo kwa kutaja saa ya kufika kwa kila gari ilishindwa kumjibu mke wa mtu mmoja.

Na magari yalizidi kutii. Chini ya stesheni kuu ya Milano, iliyofunguliwa mwaka 1931, mna njia za reli zilizotengenezwa kwa kupakia barua, mahali ambapo abiria wa juu hawaoni. Tarehe 30 Januari 1944 mamia ya Wayahudi walipakiwa hapo katika mabehewa ya mizigo, na mabehewa yakapandishwa juu kwa lifti mpaka njia ya kawaida. Hawakuwa na tikiti, na hapana aliyewaambia waendako. Miongoni mwao alikuwa msichana wa miaka 13, Liliana Segre, pamoja na baba yake. Walifika Auschwitz tarehe 6 Februari, baba hakurudi. Segre aliishi, na mwaka 2018 alifanywa seneta wa maisha. Mahali pale sasa ni pa kumbukumbu, na katika ukuta wa kuingilia limeandikwa kwa herufi kubwa neno moja lililochaguliwa naye: INDIFFERENZA, yaani kutojali. Safari ile ilikuwa na saa yake ya kuondoka, na wako makarani walioiandika. Aliyekosekana ni mtu wa kuona kwamba wale waliomo ndani walikuwa na haki ya kuuliza wanafika wapi, na lini.

Katika mji wa Bologna, zinapokutana njia nyingi za reli za Italia, swali la saa ya kufika lilikatwa katikati. Jumamosi ya tarehe 2 Agosti 1980, siku ya mwanzo wa likizo, chumba cha kungojea cha daraja la pili kilijaa watu wenye mizigo na watoto. Saa nne na dakika 25 asubuhi bomu lililowekwa humo na magaidi wa mrengo wa Kifashisti lililipuka. Walikufa watu 85, na waliojeruhiwa walipita 200. Wengi wao hawakuwa wakifanya jambo lo lote ila kungoja. Saa ya nje, upande wa uwanja, ilisimama kwenye 10.25.

Saa hiyo ilitengenezwa baadaye ikaenda tena kwa miaka mingi, mpaka ilipoharibika mwaka 1996, na ndipo ilipoamuliwa iachwe imesimama kwa kumbukumbu. Lakini watafiti walipowauliza wenyeji, wengi sana walikumbuka kwa yakini kwamba haikuwahi kwenda tangu siku ile. Na miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa wakipita chini yake kila siku ilipokuwa ikienda. Macho yao yaliiona ikitembea, na nyoyo zao hazikukubali. Siku hizi magari hutangazwa Bologna mchana na usiku, yafikayo kwa saa yake na yaliyochelewa, na sauti ya mtangazaji husikika mpaka uwanjani. Abiria mgeni atokaye mlangoni huinua macho kutazama saa ya ukutani, huona 10.25, hutazama tena ya mkononi mwake, kisha humgeukia mtu wa karibu na kuuliza.